Miostatini na Sitiari ya Breki: Uhakiki wa Tafsiri ya Ukuaji wa Misuli

Makala ya Alexandra McPherron, Ann Lawler na Se-Jin Lee, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997, ni mafupi na yana ushahidi thabiti. Panya walioondolewa jeni ya protini iitwayo miostatini walikuwa na misuli yenye uzito mara mbili hadi tatu ya ile ya panya wa kawaida. Nyuzi zake zilikuwa nyingi zaidi na nene zaidi. Mwaka huohuo ilibainika kwamba ng'ombe wa Belgian Blue, wanaojulikana kwa misuli yao maradufu, wamepotewa na herufi 11 katika jeni hiyohiyo. Ushahidi huo haupingiki. Kinachostahili kuhakikiwa ni sitiari iliyoufuata: miostatini kuwa breki, na tiba kuwa kazi ya kuilegeza.

Sitiari hiyo ina ukweli wake. Miostatini hushikamana na kipokezi kwenye utando wa seli. Hapo protini za Smad2 na Smad3 huamshwa, zikaingia katika kiini na kubadili unukuzi wa jeni. Hudhoofisha pia njia ya Akt, ileile inayochochewa na insulini na kichocheo cha ukuaji IGF-1. Akt ikiwa na nguvu, protini za FoxO huzuiwa nje ya kiini. Ikidhoofika, FoxO huingia na kuamsha jeni za atrogini-1 na MuRF1, ambazo mazao yake hutia alama protini za misuli ili zivunjwe. Unene wa uzi wa msuli, basi, ni baki la kujenga na kubomoa, na hesabu hiyo haiendeshwi kwa kanyagio moja.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba breki hueleza ukubwa tu. Mwaka 2007 Helge Amthor na wenzake walionyesha kwamba misuli ya panya wasio na miostatini, pamoja na ukubwa wake wote, hutoa nguvu pungufu kwa kila kipimo cha unene. Majaribio ya tiba yaliendelea hata hivyo. Kingamwili MYO-029, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2008, haikuwaongezea nguvu watu wazima wenye udhoofu wa misuli wa kurithi, ingawa kwa haki jaribio lile lilipima hasa usalama. Mwaka 2018 Pfizer ilisitisha jaribio la domagrozumab kwa wavulana wenye ugonjwa wa Duchenne; kipimo kikuu kilikuwa kupanda ngazi nne, na dawa haikusaidia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Virginie Mariot na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba wagonjwa wengi wa maradhi ya misuli wana miostatini kidogo katika damu. Breki iliyokusudiwa kulegezwa ilikuwa imelegea tayari.

Mshauri wa sera anayepokea ombi la kugharimia dawa ya aina hii ana jedwali la kuanzia: muda anaoutumia mgonjwa kusimama, kutembea na kupanda ngazi. Picha za ujazo wa misuli, ambazo kwa kawaida ndizo huwekwa ukurasa wa mbele, zifuate baadaye.