Jina la Leso na Tasnifu ya Msomi: Uhakiki wa Utafiti wa Mawasiliano katika Jamii ya Mombasa

Utafiti wa shahada za juu kuhusu utamaduni na mawasiliano ya Waswahili umepata watafiti wengi, wenyeji kwa wageni, na Mombasa ni miongoni mwa miji iliyochunguzwa sana. Hata hivyo, wingi wa tasnifu si kipimo cha ubora wake. Makala haya yanakusudia kuupima utafiti wa namna hiyo kwa maswali mawili. Kwanza, je, mtafiti ameyachukulia maneno ya watu kuwa ni matendo yatendwayo baina yao, au ameyachukulia kuwa ni vitu vya kuokotwa na kupangwa? Pili, maneno hayo yakishachukuliwa hubaki katika lugha gani, na ni nani awezaye kuyasoma na kuyapinga?

Kosa la Jedwali

Leso, au kanga kama iitwavyo Zanzibar na Tanzania Bara, ina pindo, mji na jina. Jina ndilo yale maandishi yaliyopigwa chapa chini ya mji; hapo awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye hati za Kirumi zikashika nafasi. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hakuna data iliyo rahisi kuliko hii, kwani imekwisha kuandikwa na inauzwa dukani. Aghalabu mwanafunzi hukusanya majina mia moja au mia mbili, akayagawa kwa maudhui: haya ya mapenzi, haya ya dini, haya ya husuda, haya ya malezi. Kisha huhesabu, na kundi lililozidi mengine hulitolea hitimisho juu ya tabia ya jamii nzima.

Kosa la utaratibu huu si uvivu, kwani kazi yake ni nzito. Kosa ni kudhani kwamba maana imo katika kitambaa. Tuseme leso yenye jina "Wema hauozi" yatolewa na mkwe kumpa bibi arusi: hiyo ni shukrani na nasaha. Leso hiyohiyo ikivaliwa na jirani asubuhi ya pili baada ya ugomvi wa deni, akapita nayo mlangoni kwa mdeni wake, haiwi tena nasaha. Jina ni lilelile, herufi ni zilezile, na katika jedwali la mwanafunzi zitakaa safu moja. Jedwali halikosei kuhesabu. Linahesabu kisichokuwepo, yaani msemo usio na msemaji wala msemewa.

Hoja ya Utata

Miongoni mwa kazi zilizoliepuka kosa hili ni ile ya Rose Marie Beck, iliyotolewa kwa Kijerumani mwaka 2001 kwa jina *Texte auf Textilien in Ostafrika*, baada ya makala yake ya Kiingereza ya mwaka 2000 kuhusu leso za pwani. Beck anaitazama leso kama mawasiliano yenye utata wa makusudi. Hoja yake inafaa kuelezwa kwa utaratibu. Mvaaji hakuyaandika maneno aliyoyavaa. Yameandikwa na wenye kutengeneza na kuuza. Wala hayakutajwa humo jina la anayeambiwa. Basi anayehisi kusemwa akiuliza, mvaaji ana jibu tayari: amenunua leso kwa kupenda rangi. Na anayeuliza hujifedhehesha, kwa kuwa kuuliza ni kukiri kwamba neno limemgusa. Kwa njia hiyo ugomvi huweza kuendelea pasipo heshima ya nje kuvunjika.

Ubora wa hoja hii ni kwamba imeirudisha leso mwilini mwa mvaaji, na mvaaji ameirudishwa mtaani. Msomaji anaelewa kwa nini jina liwe fupi, kwa nini lisiwe la mtu mmoja, na kwa nini maana yake isitafutwe katika kamusi pekee.

Lakini hapana budi kuuliza dhana moja ya utata inabeba mzigo gani. Lugha ya wavaaji wenyewe haikuridhika na neno moja. Fumbo humngoja mwenye kulifumbua, na laweza kumfunza kitu. Kijembe kina mlengwa, nacho hakikamiliki pasipo watazamaji wanaomjua mlengwa huyo. Masimango hukumbusha fadhila iliyotendwa, na humdhalilisha aliyetendewa. Utani una ruhusa inayotokana na uhusiano, kama wa bibi na mjukuu au wa mashemeji, na asiye na uhusiano huo akijaribu kutania huwa ametukana. Tofauti hizi si za msamiati tu, bali ni za haki na wajibu: nani ana ruhusa ya kumwambia nani, mbele ya nani, na mwambiwa anaruhusiwa kujibu vipi. Mwanamke anayeamua kama leso ya jirani ni fumbo au ni kijembe anafanya uchanganuzi, tena uchanganuzi wenye matokeo, maana akikosea atagombana bure.

Haidaiwi hapa kwamba Beck hakuyajua mambo haya. Kinachodaiwa ni kwamba nadharia ikisimama juu ya dhana iliyoletwa kutoka isimu ya kwingineko, istilahi za wenyeji huelekea kushushwa daraja, zikawa mifano ya dhana badala ya kuwa dhana. Na kwa kuwa kitabu chenyewe ni cha Kijerumani, mvaaji wa Mombasa hana nafasi ya kusema, "Hapo umekosea, hicho si fumbo."

Safari ya Maneno

Kuhusu swali la pili, kazi ya Margaret Strobel ina funzo. Tasnifu yake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa ilikamilika mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na ikawa kitabu cha Kiingereza mwaka 1979, kilichopata Tuzo ya Herskovits mwaka 1980. Humo vyama vya lelemama, vilivyodharauliwa na wengi kuwa mchezo wa wanawake tu, vinaonyeshwa kuwa ni uwanja wa vyeo, mashindano na uongozi. Strobel anafuatilia jinsi wanawake walivyotoka katika ngoma hizo wakaingia vyama vya maendeleo na madai ya haki katika miaka ya 1950.

Lakini safari haikukoma hapo. Mwaka 1989 Strobel na Sarah Mirza walitoa kwa Kiingereza masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, na mwaka 1991 yakatolewa kwa Kiswahili kwa jina *Wanawake Watatu wa Kiswahili*. Uzito wa toleo hili si adabu ya kurudisha shukrani. Tasnifu huwa na sauti moja, na mhojiwa huonekana humo kwa vipande vilivyochaguliwa kuthibitisha hoja ya mwingine. Masimulizi yakitolewa kwa urefu, katika lugha yaliyosemewa, msomaji wa Mombasa hupata vyombo vya kumhukumu mtafiti.

Kasoro nayo isifichwe. Tangu tasnifu hadi toleo la Kiswahili ni miaka 16, na uchanganuzi wa 1979 umebaki katika Kiingereza. Wenyeji wamerudishiwa ushahidi. Hukumu imebaki ng'ambo.

Wajibu wa Idara za Kiswahili

Itasemwa kwamba dawa imekwisha patikana, kwani idara za Kiswahili za vyuo vikuu hukubali tasnifu za Kiswahili. Hiyo ni hatua kubwa, lakini haitoshi. Jedwali la majina ya leso likiandikwa kwa Kiswahili fasaha ni jedwali vilevile, na "utata" uliotafsiriwa bado unaweza kukalia kiti cha fumbo na kijembe. Lugha ya tasnifu hufungua mlango. Haimlazimishi mtafiti kuingia.

Linalotakiwa ni kubadili mahali pa mhojiwa ndani ya kazi. Mwanafunzi anayeandika juu ya leso aeleze kila jina pamoja na tukio lake: nani alinunua, nani alivaa, nani aliona, na watu walibishana vipi juu ya maana. Ubishi huo usipelekwe katika kiambatisho. Uwe ndani ya sura, upingane na nadharia, na pale mwenye leso anapomshinda mwenye nadharia, msimamizi asione kwamba tasnifu imeharibika. Kadhalika, nakala za mahojiano zilizoidhinishwa na wasemaji zihifadhiwe katika maktaba ambayo wajukuu wao wanaweza kuifikia.

Mtahini wa tasnifu ya namna hiyo atakuwa na kazi ngumu zaidi, kwani hatakuta asilimia za kusahihisha. Atalazimika kuuliza kama leso iliyovaliwa mlangoni kwa mdeni imeelezwa hivi kwamba mdeni mwenyewe, akisoma, atakubali kuwa ndivyo ilivyokuwa, au ataweza kusema ni wapi sivyo.