Mpenzi wa Mpelelezi: Benni Kamba, Zimwi na Mchanga wa Ukambani

Wahakiki wa fasihi yetu wamekuwa na desturi ya kuzitaja riwaya za upelelezi katika aya moja, kisha kuzipa kisogo. Husemwa kwamba ni fasihi pendwa, kwamba zinampumbaza msomaji, na mjadala hukomea hapo. Katika makala haya sikusudii kuzitetea zote, maana nyingi hazitetewi. Nakusudia kuchunguza jambo moja tu ambalo utanzu huu hulitumia mno na kulifikiri kidogo, nalo ni mapenzi ya mpelelezi na mtu ambaye yamkini ndiye adui wake. Mfano wangu ni The Equatorial Assignment (1980) ya David Maillu, na nitaupima kwa filamu moja ya Marekani na kwa ngano za Wakamba wenyewe.

Maillu alizaliwa Kilungu mwaka 1939, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Alijulikana kwanza kwa vitabu vya shirika lake mwenyewe, Comb Books, kama vile After 4.30 (1974), vitabu vilivyonunuliwa kwa pupa jijini Nairobi na kupigwa marufuku Tanzania mwaka 1976. Alipoandikia mfululizo wa Pacesetters wa kampuni ya Macmillan alimuunda jasusi mwenye nambari 009, akampa jina la kabila lake: Benni Kamba. Msomaji wa Kitui au wa Wote akiliona jina hilo kwenye jalada hutazamia kuiona nchi yake ndani ya kitabu. Haioni. Kamba anakitumikia chombo kiitwacho NISA, kilichoundwa kuilinda Afrika nzima, na mapambano yake na Dakta Thunder ni mapambano ya mitambo na ngome za siri. Humo ndimo alimo Konolulu, mwanamke mzuri wa sura aliye upande wa adui.

Katika siasa Maillu anastahili sifa. Amelichukua umbo la hadithi za James Bond, mtumishi wa dola iliyokuwa ikipoteza makoloni, akaligeuza liwatetee walionyang’anywa. Lakini katika mapenzi hakugeuza kitu. Konolulu ni mwanamke wa hatari kwa sababu kanuni ya utanzu inadai awepo mwanamke wa hatari. Kamba anaweza kumtamani bila kupungukiwa na lolote ndani ya nafsi yake, maana msomaji anajua mwanamke huyu yuko upande gani. Hatari iliyopo ni ya mwili. Hatari ya kumjua vibaya umpendaye haipo.

Tusimlaumu Maillu peke yake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni akili na kiko; mapenzi ni ya watu wengine, naye huyafumbua kama afumbuavyo vitendawili. Kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), wanawake hupita kama miji anayoipitia. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana Nuru, lakini Nuru ni mwenzi wa kazi zaidi ya kuwa fumbo. Wapelelezi wetu wote wamekingwa wasiingie katika kosa lile lile wanalolichunguza.

Filamu zile ambazo mhakiki Nino Frank wa Ufaransa alizipa jina la ‘filamu nyeusi’ mwaka 1946 zilikuwa zimekwisha kuuondoa ukingo huo. Iliyofanya hivyo kwa ukamilifu zaidi, kwa maoni yangu, ilitoka baadaye sana, nayo ni Chinatown (1974), iliyoandikwa na Robert Towne na kuongozwa na Roman Polanski. Mpelelezi Gittes anachunguza kifo cha mhandisi mkuu wa idara ya maji ya Los Angeles katika mwaka wa ukame, na katika uchunguzi huo anampenda mjane wa marehemu, Evelyn Mulwray. Mjane huyu anaficha jambo. Gittes, kama mtazamaji yeyote aliyezoea filamu za namna hiyo, anafasiri kuficha kwake kuwa ni hatia. Kumbe mwovu ni Noah Cross, baba yake mzazi, aliyemharibu yeye na kuiba maji ya wakulima. Mpelelezi anapofahamu hayo amekwisha kusababisha mambo yanayoishia kwa mwanamke kupigwa risasi na polisi. Kilichomwua ni kanuni ya utanzu iliyokuwa imekaa kichwani mwa mpenzi wake. Konolulu hakupewa nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya kile alichodhaniwa.

Pengine mtu atauliza kwa nini riwaya ya Mkenya ipimwe kwa filamu ya Hollywood. Swali ni la haki, ingawa Maillu mwenyewe ndiye aliyeanza kwa kukopa kwa Bond. Lakini kipimo hicho kipo Ukambani pia. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alikusanya na kufasiri ngano za Wakamba katika Akamba Stories (1966), na mazimwi ni wahusika wakubwa wa ngano hizo. Katika ngano za mazimwi zinazosimuliwa Ukambani, na kwa majirani zao pia, yuko kijana mzuri kupita wote anayetokea ngomani. Msichana anamfuata hadi kwake, na njiani au nyumbani anagundua ameolewa na zimwi. Tazama ilivyo tofauti na Bond: anayependa ndiye aliye hatarini, na uovu umevaa uzuri wa mwanamume. Chinatown iko karibu na ngano hii kuliko ilivyo riwaya ya mwana wa Kilungu. Zimwi limo ndani ya nyumba, nalo linaitwa baba.

Mfanano hauishii kwenye mapenzi. Los Angeles ilikuwa imeyachota maji ya Bonde la Owens kwa mfereji uliokamilika mwaka 1913, na filamu imechota kisa chake humo. Kitui na Makueni ni nchi ya mito ya msimu, kama Tiva na Kaiti, ambayo kwa miezi mingi huonekana mikavu. Maji yamo chini, katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii. Ndiyo sababu watu hujenga kuta kuvuka mito ili mchanga ujae nyuma yake, kisha huchimba visima ndani yake. Anayeiba mchanga anaiba maji. Malori yameubeba kwenda kuijenga Nairobi, watu wameuawa katika ugomvi huo, na miongoni mwao askari polisi. Kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Mwandishi wa riwaya ya giza angeomba nini zaidi? Jiji linajengwa kwa kiu ya watu ambao hawatakaa ndani ya majengo yake, na kila ghorofa ni ushahidi.

Na sisi watu wa lugha tuna jambo letu humo. Mpelelezi anayepelekwa Makueni kutoka mahali pengine atawahoji watu kwa Kiswahili, nao watasemezana kwa Kikamba mbele yake. Tuseme basi ampendaye ni mwenyeji, na ndiye anayemtafsiria. Kila anachokijua mpelelezi kimepita kinywani mwa mpenzi wake: aliacha neno lipi, na alimwacha nani nje ya hatia? Huenda anamlinda ndugu mwenye lori. Huenda anamlinda mpelelezi. Maillu aliwahi kuchezea mipaka ya lugha alipochanganya Kiingereza na Kiswahili katika Without Kiinua Mgongo (1989), lakini kwa shabaha ya kuchekesha. Katika riwaya ninayoizungumzia mchanganyiko huo ungekuwa ndio fumbo lenyewe, na msomaji anayekijua Kikamba angelitambua kosa la mpelelezi kurasa nyingi kabla yake.