Nusu ya Deni, Alama Mpya

Mpango uliotangazwa na Benki Kuu ya Kenya katikati ya Novemba 2022, wa kuwasafishia majina wadaiwa wadogo waliokopa kwa simu, ulipokewa na wengi kama msamaha; na mtu aliyewekwa CRB, yaani katika daftari la ofisi za taarifa za mikopo, kwa ajili ya mkopo mdogo, akakosa cheti anachodaiwa na mwajiri, hana lawama akiupokea hivyo. Lakini ukiutazama kwa jicho la karani badala ya jicho la mdaiwa, utaona kwamba kilichofanywa ni kitu chembamba zaidi: alama moja ilibadilishwa katika daftari, tena kwa sharti na kwa muda.

Daftari hilo lilianza likiwa la upande mmoja. Kanuni za 2008 zilizilazimisha benki kupeleka katika ofisi za taarifa za mikopo habari za mikopo chechefu peke yake, yaani ile iliyopitisha siku 90 bila kulipwa, hata ikawa jina la mtu halionekani mle ila kwa aibu, na ndipo watu walipozoea kuinena CRB kana kwamba ni gereza la wadaiwa. Kanuni za 2013 ziliamuru habari njema nazo ziandikwe, ili anayelipa kwa wakati naye awe na ushahidi wake. Lakini sifa ya kwanza ilikwisha kukaa vinywani, na hata leo si wengi wanaotambua kwamba kila aliyekopa benki yumo daftarini, mlipaji na asiyelipa.

Wakati huohuo mkopo wenyewe ulibadilika umbo. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ilimwezesha mtu kukopa kwa kubonyeza simu, bila rehani wala mdhamini, kwa muda wa siku 30. Zikafuata nyingine nyingi, za benki na zisizo za benki, na kwa kuwa mtambo hauna haya ya kupeleka jina la mtu, daftari likajaa madeni ambayo zamani yangemalizwa barazani kwa maneno mawili. Aprili 2020 Benki Kuu iliwafungia daftari wakopeshaji wa simu wasiokuwa chini ya usimamizi wake, na ikakatazwa jina la mtu kuandikwa kwa ubaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Kwa rai yangu hatua hiyo ilikuwa na maarifa kuliko ile ya 2022, maana ilirekebisha mlango wa kuingilia, ilhali ya pili ilishughulika na waliokwisha kuingia.

Ya pili ilifanywa hivi. Benki na taasisi zilizo chini ya Benki Kuu zilitakiwa zipunguze angalau nusu ya mikopo chechefu ya simu yenye muda wa siku 30 au pungufu, kwa hesabu ya mwisho wa Oktoba 2022, kisha zibadilishe hali ya mkopaji katika taarifa kutoka chechefu kuwa hai, naye apewe hadi 31 Mei 2023 amalize baki. Jumla ya madeni hayo ilikuwa kama shilingi bilioni 30, na waliotarajiwa kufaidika walizidi milioni 4.2; gawanya, utapata wastani wa shilingi elfu saba na kitu kwa kila mtu, na madeni yote pamoja hayakufika asilimia moja ya mikopo ya benki nchini. Hasara kwa benki ilikuwa ndogo, ilhali wateja waliotarajiwa kurejeshewa njia ya kukopa tena walikuwa mamilioni. Aliyedhani kwamba nusu ya pili imesamehewa pamoja na ya kwanza alikosea hesabu, kwa kuwa alama mpya ilitangulizwa mbele ya malipo.

Basi mwenye kutaka hadhi yake ya mkopo itengemae asingoje tangazo jingine. Aitake taarifa yake, ambayo ni haki yake kupewa bure mara moja kwa mwaka, na kabla ya kutazama madeni atazame jina na nambari ya kitambulisho, maana kosa la tarakimu moja laweza kumbebesha mtu deni la jirani. Kisha apitie akaunti moja moja: nani alikopesha, lini, kiasi gani kimebaki, siku ngapi zimepita. Asilolitambua alipinge kwa maandishi katika ofisi ileile, nayo itamtaka mkopeshaji athibitishe. Analolitambua alilipe, huku akijua kwamba deni baya likilipwa halifutiki papo hapo, bali huandikwa kuwa limelipwa na hubaki likionekana kwa miaka 5. Kinachoufifisha ubaya wake ni miezi mipya ya malipo yasiyochelewa inayoandikwa juu yake. Kukimbilia wakopeshaji wengi kwa pupa nako huonekana, kwa kuwa kila anayelichungulia daftari huacha alama ya kuchungulia kwake.

Wala cheti kisichanganywe na taarifa. Cheti, ambacho cha kwanza hutolewa bure tangu kanuni za 2020, humwambia mwajiri kwamba mtu hana deni chechefu siku hiyo. Mkopeshaji husoma taarifa nzima pamoja na alama za kustahili mkopo, ambazo kwa Metropol, mojawapo ya ofisi hizo za taarifa, huanzia 200 hadi 900, na mwenye cheti safi aweza kukuta alama zake zingali chini.