Hati ya Mashtaka Haiwezi Kuamua Dhamana

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikosea Agosti 2020 ilipokihuisha kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikuwa imekibatilisha na kuipa Serikali miezi 18 ya kukirekebisha. Hiyo ilikuwa kazi safi.

Tazama kilichorudishwa. Mtu akisomewa shtaka la utakatishaji fedha, suala la dhamana limekwisha hapohapo. Hakimu haulizi anaishi wapi, anafanya kazi gani, nani wanamtegemea, wala kama amewahi kuruka dhamana. Wadhamini waliokuja na barua za serikali ya mtaa wanarudi nazo nyumbani. Aliyeandika hati ya mashtaka ndiye aliyeamua nani alale mahabusu ya Keko. Shtaka hilo likiondolewa kesho, dhamana inawezekana, ilhali mshtakiwa ni yuleyule na hatari yake ni ileile. Lisipoondolewa, kila baada ya wiki mbili kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, anarudi mahabusu.

Watetezi wa kifungu husema makosa haya ni mazito na umma ulindwe. Ulindwe, ndiyo. Lakini uzito wa shtaka hauonyeshi nani atatoroka wala nani atavuruga mashahidi. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama hiyohiyo ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ililiona hilo. Ikifuata njia aliyoifungua Jaji James Mwalusanya kule Mahakama Kuu, ilibatilisha aya (e) ya kifungu hikihiki, kwa kuwa wavu wake ulinasa hata wasio hatari. Majaji wale walimtazama mtu kabla ya kosa. Mwaka 2018 Mahakama ilikuwa bado kwenye njia hiyo, ikakataa hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) ya kuzuia dhamana.

Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inaruhusu dhamana hata kwa anayeshtakiwa kwa mauaji, isipokuwa pawe na sababu nzito, na afisa wa probesheni huweza kumwandalia hakimu ripoti. Sisi, hata penye dhamana, tunapima uaminifu kwa hati ya nyumba. Nimelipinga hili kwa miaka na ninaendelea kulipinga: mpangaji naye huja mahakamani.

Ubora wa huduma kabla ya kesi hupimwa kwa taarifa alizokuwa nazo hakimu alipoamua. Chini ya 148(5), hana taarifa wala uamuzi. Bunge lifute orodha ile, limpe hakimu ripoti ya mtu aliyesimama mbele yake, kisha limwache aamue.