Alan Lomax na yule mwingine

Kitabu cha Alan Lomax nilikisoma kwenye simu, wiki mbili nzima, nikivuta maandishi kwa kidole ili yaonekane. Kinaitwa The Land Where the Blues Began, kilitoka 1993, na ni kinene kweli. Ilikuwa mwaka ule ule nilioacha chuo. Niseme mapema kwamba nilikipenda, na bado nakipenda. Ndiyo maana hasira yangu imechukua muda kuiva.

Lomax alizaliwa Texas 1915, akafa 2002. Akiwa na miaka 18 alizunguka na babake, John Lomax, katika magereza ya Kusini mwa Marekani, mashine nzito ya kurekodi ikiwa nyuma ya gari. Huko Angola, Louisiana, wakamkuta mfungwa aitwaye Huddie Ledbetter, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Lead Belly. Mwaka 1938 Lomax akamkalisha Jelly Roll Morton kwenye piano ndani ya Maktaba ya Bunge kule Washington, jamaa akasimulia kwa masaa jinsi jazi ilivyozaliwa. Nyimbo za watu ambao hawakuhesabiwa kuwa watu zikaingia maktaba ya serikali. Hilo si jambo dogo.

Sehemu bora ya kitabu, kwangu, ni Parchman, gereza la Mississippi alikorekodi wafungwa weusi wakikata miti. Lomax anatufanya tusikie kwamba ule wimbo haukuwa burudani. Mashoka yalishuka pamoja kwa mdundo, na kwa hivyo mzee au mgonjwa hakuonekana amebaki nyuma, askari akakosa wa kumchapa. Yaani wimbo ulikuwa kinga. Niliposoma hapo nikasimamisha kusoma, nikafikiria mwethya, wale wanawake wa Ukambani wanaochimba makinga maji kwa zamu, jembe linainuka kwa sauti ya mmoja na kushuka kwa sauti ya wote. Sisemi ni kitu kimoja. Wale walikuwa wafungwa, hawa wanachimba shamba lao. Lakini sikio langu lilifunguka.

Vilevile kuna ule usiku wa 1947 New York, alipowaweka Big Bill Broonzy, Memphis Slim na Sonny Boy Williamson mbele ya maikrofoni wakaongea wazi kuhusu kambi za kazi na wazungu walioua bila kuulizwa. Waliogopa kwa ajili ya ndugu zao waliobaki Kusini, kwa hivyo rekodi ilipotoka 1959 majina yao yalifichwa. Hapo Lomax alificha majina kwa sababu wenyewe walitaka.

Shida ni pale majina yanapopotea bila mwenyewe kutaka.

Chukua safari ya Kaunti ya Coahoma, Mississippi, 1941. Kitabuni unabaki na picha ya Lomax akivuka mashamba ya pamba akimtafuta Robert Johnson, akakuta ameshakufa, akampata dereva wa trekta kwenye shamba la Stovall aliyeitwa Muddy Waters. Stori tamu. Kwanza Muddy alidhani huyu mzungu ni mtu wa serikali amekuja kumkamata kwa pombe anayouza. Wakarekodi nyumbani kwake, Muddy akasikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye mashine, na miaka miwili baadaye alikuwa Chicago.

Lakini kuna mtu mwingine mle chumbani. John W. Work III, mwanamuziki na mhadhiri mweusi wa Chuo Kikuu cha Fisk. Wazo la utafiti lilianza naye: mwaka 1940 ukumbi wa dansi uliungua Natchez, watu zaidi ya 200 wakafa, na Work akataka kwenda kusikiliza jinsi watu wanavyogeuza msiba kuwa wimbo. Mpango ukabadilika, ukahamia Coahoma, Maktaba ya Bunge ikaingia na Lomax wake. Work aliandika nyimbo zile kwa noti, moja moja. Muswada wake ukapotelea kwenye makabati ya ofisi. Maandishi yake, pamoja na ya wenzake Lewis Jones na Samuel Adams, yalichapwa 2005 katika Lost Delta Found, Work akiwa kaburini tangu 1967. Katika kitabu cha Lomax safari za 1941 na 1942 zimekorogwa zikawa moja, na Work ni kivuli tu.

Wapo wanaomtetea, kwamba alikuwa mzee akiandika kwa kumbukumbu. Sawa. Lakini mzee huyo alikumbuka mengi sana yaliyomhusu yeye.

Sijifanyi mtu asiye na upande. Karo iliponishinda mwaka wa tatu, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kunakili na kutafsiri nyimbo za mwethya kwa mtafiti fulani, nikilipwa kwa dakika. Ripoti ikatoka na mimi nimo kama "wasaidizi wa nyanjani". Niliumia, nikawalilia marafiki bar nzima. Halafu juzi, nikijiandaa kuandika hii makala, nikafungua faili zangu za wakati ule. Yule mama aliyekuwa anaanzisha nyimbo zote, aliyenipa uji, nimemwandika "Sauti 1". Jina lake sikuuliza.

Kwa hivyo namsoma Lomax nikiwa na aibu pia. Naona jina la babake likikaa kando ya Lead Belly kama mtunzi wa "Goodnight, Irene", wimbo uliovuma 1950, miezi michache baada ya Lead Belly kuzikwa. Naona pia James Carter, mfungwa aliyerekodiwa Parchman 1959, akitafutwa hadi akapatikana Chicago baada ya wimbo wake kuingia kwenye filamu ya 2000, akaletewa hundi ya dola 20,000. Carter hata hakukumbuka kuuimba.

Wiki hii nimerudia rekodi za Stovall. Katikati ya nyimbo kuna mahojiano, na anayemuuliza Muddy maswali si Lomax peke yake. Sauti ya pili ni ya Work. Nimeisikia kwa miaka nikidhani ni ya Lomax.