Kapeti Linalokubali Kung'oka

Landrova ya kwanza ilipooneshwa mjini Amsterdam, Aprili 1948, haikuwa na kapeti. Miguuni kulikuwa na bati tupu, na waliolitengeneza gari lile hawakuwa wamesahau kitu. Lilikuwa gari la shamba. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa kuwa Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Hata Range Rover ya mwaka 1970, ambayo leo jina lake linanukia ngozi na utajiri, ilitoka kiwandani na sakafu ya kuoshwa kwa mpira wa maji. Kwa hiyo mwenye Landrova ya zamani anayetaka kapeti anaongeza kitu ambacho gari lenyewe halikukiomba, na fundi anayeipokea kazi hiyo ana wajibu mmoja mkubwa: alichokiongeza kisije kikaliua gari.

Huku Lushoto, kwenye Milima ya Usambara mkoani Tanga, wajibu huo ni mzito kuliko Dar es Salaam. Kutoka Mombo, ambako joto na mashamba ya mkonge ndivyo vinavyokuaga, unapanda kilomita kama 33 za kona kupitia Soni mpaka mjini, mita zipatazo 1,400 juu ya bahari. Ukizidi kupanda kuelekea Magamba na vijiji vya mbele, udongo unakuwa mwekundu, unanata, na mvua ina majira mawili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka. Katikati yake kuna miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ambapo ukungu unaweza kulala milimani hadi saa nne asubuhi. Kapeti lililolowa Dar utalianika uani na jioni ulirudishe. Huku litakaa siku baada ya siku likiwa bichi, litaota koga, na gari zima litanuka uvundo ambao hakuna manukato ya kutundika kwenye kioo yatakayoufuta.

Na kinacholoweshwa si kapeti peke yake. Landrova za zamani zina sakafu za aluminiamu zilizofungwa kwa bolti za chuma, na sehemu ya mbele wanapoweka miguu dereva na abiria ni chuma kitupu. Aluminiamu na chuma zikigusana palipo na maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ukiinua kapeti lililokaa na maji miaka kadhaa, kuzunguka kila kichwa cha bolti utakuta unga mweupe kama majivu, na ukiupangusa unaona bati limekuwa na vishimo, mahali pengine limetoboka kabisa. Kule mbele kwenye chuma unakuta kutu ya maganda. Mwenye gari anakuwa ameendesha muda wote huo akijiona yuko kwenye gari safi.

Ndiyo maana namheshimu fundi wa siti anayeanza kwa kung'oa. Nimekaa kwenye karakana ya namna hiyo hapa mjini, ya mabati, yenye cherehani moja nzito ya kushonea ngozi na maturubai, nikamwona fundi akiacha jora jipya la kapeti mlangoni bila kuligusa hadi mchana. Kwanza alifungua sakafu. Akachukua spana, akaanza kugonga pole pole kona za mbele, kichwa amekiinamisha chini ya dashibodi, akisikiliza. Bati zima linalia kwa ukali, lililooza linajibu kwa sauti ya kufa. Palipojibu vibaya akaweka alama ya chaki. Mwenye gari, mzee wa makamo aliyekuja na haraka zake, akamwambia, "Fundi, si ubandike tu kwa gundi, mambo yaishe?" Fundi akamjibu bila kuinuka, "Mzee wangu, nikibandika, siku giaboksi ikigoma utanilaani."

Jibu lile lina kazi nzima ndani yake. Kwenye Landrova za zamani giaboksi haishushwi kwa chini kama magari mengi. Mekanika anafungua vipande vya sakafu, anaondoa mfuniko wa katikati, na giaboksi inatolewa kupitia ndani ya gari. Sakafu ile, kwa maneno mengine, ni mlango. Kuna pia vifuniko vingine chini ya siti, na kwenye Landrova fupi tangi la mafuta linakaa humo humo. Kapeti lililogundishwa juu ya milango hiyo litachanwa kwa kisu siku ya kwanza gari litakapoingia gereji, na mekanika hatakuwa na kosa. Kapeti la fundi mwema linakatwa vipande kufuata mipaka ya vipande vya sakafu, kila kimoja kinashikwa kwa vifungo vya kubonyeza, na kinainuka kwa mkono mmoja. Fundi huyu anamfikiria fundi mwenzake ambaye pengine hawatakutana kamwe.

Tuje kwenye uchaguzi wa kapeti lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Dukani yote yanapendeza. Muuzaji atakupapasisha manyoya na kukuambia ni imara, la kutoka nje. Fundi hasikilizi. Anachomoa nyuzi chache ukingoni mwa jora, anaziminya kwa vidole ndani ya kikombe cha maji yenye tone la sabuni ili hewa itoke, kisha anaziachia. Zikielea, hiyo ni polipropilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji. Zikizama, huenda ni nailoni au sufi, na hapo anawasha kiberiti. Sufi inaungua kwa harufu ya nywele na kuacha jivu linalosagika, nailoni inayeyuka na kugeuka kishanga kigumu.

Kila moja ina tabia yake. Polipropilini hainywi maji, ukiikung'uta imeanza kukauka, na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Udhaifu wake ni joto: inayeyuka kwenye nyuzi kama 160 za Selsiasi na kulainika kabla ya hapo, kwa hiyo upande linakopita bomba la moshi si pake. Tena ikishakandamizwa na kisigino miezi kadhaa, manyoya yake yanalala na hayaamki. Nailoni inavumilia zaidi ya nyuzi 200, inaamka baada ya kukanyagwa, lakini inakunywa maji kiasi na mfukoni inauma. Kwa gari la milimani linalobeba watu na viazi, mimi ningechukua nailoni ya manyoya mafupi mbele, polipropilini nyuma, na sufi ningewaachia wenye magari ya maonesho.

Na mkonge? Swali hili haliepukiki mkoani Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai pwani ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa zao hilo, na ukishuka leo kwenda Mombo na Korogwe bado unayaona yakiwa yamejipanga mistari hadi upeo wa macho. Zulia la mkonge sebuleni ni kitu cha fahari, na ningependa kuliona kwenye nyumba nyingi zaidi za Watanzania. Lakini mkonge unapenda maji. Unayavuta hata hewani, unavimba, ukikauka unasinyaa na kubaki na madoa. Ndani ya gari linalopita kwenye ukungu wa Magamba utakuwa umeweka sifongo miguuni. Inaniuma kulisema hili nikiwa mtu wa mkoa huu, ila ndivyo ulivyo.

Mgongo wa kapeti una uzito zaidi kuliko uso wake, na wanunuzi wachache hugeuza jora kuutazama. Mgongo wa juti unaoza. Mgongo wa mpira mzito unapunguza kelele vizuri sana, lakini maji yakishapita chini yake hayana pa kutokea. Na lile godoro jembamba linalotandikwa chini ya kapeti kuzuia mngurumo, liwe la povu lenye matundu yaliyofungwa, lisilopitisha maji. Lile la matambara yaliyosagwa, linalouzwa rahisi, ni ghala la maji. Rangi sina mengi: chagua ya kahawia au kijivu cha kati. Jeusi kwenye udongo wa Usambara linaonesha kila unyayo.

Sasa vipimo. Fundi niliyemtazama hakutumia futi ya kupimia ila mara chache. Alikuwa na maboksi ya sabuni aliyoyakunjua. Alipaka chaki ya bluu kwenye vichwa vya bolti na kingo za vishikio, akalaza boksi juu, akalikandamiza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, na lilipoinuka lilikuwa limebeba ramani ya sakafu: kila bolti, kila kona, kila mahali bati lilipokuwa limebonyea kwa ajali ya zamani. Magari haya yamepigwa nyundo miaka hamsini, hakuna mawili yanayolingana. Kapeti zilizokwisha kukatwa tayari kutoka Uingereza zinakaa vizuri kwenye gari kama lilivyokuwa siku linatoka kiwandani, halafu zinagombana na gari lililo mbele yako.

Kwenye levya za gia ndipo nilipomwona akipunguza mwendo kabisa. Landrova ya zamani ina levya tatu: ya gia za kawaida, fupi yenye kirungu cha njano ya kuunganisha magurudumu ya mbele, na yenye kirungu chekundu ya kushusha gari kwenye gia nzito. Aliweka boksi, akakata tundu dogo kuliko alivyohitaji, kisha akaingiza gia moja baada ya nyingine, rivasi, kirungu cha njano chini, chekundu nyuma kabisa, akitazama levya inapogusa na kupunguza kidogo kidogo kwa kisu. Tundu likiwa kubwa, joto na kelele na vumbi vyote vinapanda. Likiwa dogo, siku moja kwenye mteremko wa matope gia nzito haitaingia hadi mwisho na itachomoka. Vivyo hivyo na pedali ya mafuta: aliikanyaga hadi chini, akaiachia, akaikanyaga tena kapeti likiwa mahali pake, akahakikisha haikwami manyoyani. Kwenye gari la zamani zaidi kuna pia kitufe cha kupunguza taa sakafuni, kinachobonyezwa kwa mguu wa kushoto, na mafundi wasiolijua gari hukifunika.

Alipokata kapeti lenyewe alilikata kwa nyuma, kisu kikipita kwenye mgongo tu ili manyoya yasikatike, na kila boksi alilipindua kwanza, maana asiyepindua anaishia na vipande viwili vya mguu wa kushoto. Manyoya yote aliyaelekeza mlangoni. Ufagio ukipita, mchanga unafuata njia yake kutoka nje. Kingo alizishona kwa utepe wa rekzini, mishono ya karibu karibu, na chini ya visigino vya dereva akashonea kipande cha raba chenye mistari. Upande wa mlango aliacha nafasi ya vidole viwili pasipo kapeti, kusudi maji ya mvua yanayoingia kwenye mpira wa mlango uliochoka yapite juu ya bati na kutoka yalikoingilia.

Kazi ya bati ilikuwa imeshamalizika kabla ya yote hayo. Palipokuwa na alama ya chaki pamesuguliwa kwa brashi ya waya, pamepigwa rangi ya redoksaidi, na kila bolti imerudi na washa ya plastiki na grisi ili chuma kisiguse aluminiamu. Hayo yote sasa yamefunikwa, na mwenye gari hatayaona isipokuwa akiinua kapeti. Fundi alimwambia aliinue. Mzee akasita, akainama, akavuta kipande cha upande wa dereva, vifungo vikaachia kimoja kimoja, na bati likaonekana. Akakirudisha mwenyewe, akakivuta tena.

Maboksi hayakutupwa. Fundi aliandika namba ya gari kwenye kila moja, pamoja na neno kushoto au kulia, akayatoboa na kuyatundika kwenye msumari pamoja na mengine. Akamshauri mzee arudi dukani anunue mita moja zaidi ya jora lile lile kabla halijaisha, ailaze nyumbani mahali pakavu, kwa kuwa kipande cha miguu ya dereva ndicho kitakachochakaa mwanzo, na wakati huo rangi ile haitapatikana tena.