Kitalu Nyumba Penye Upepo Mkali: Hesabu Ianzie Miguuni

Mkulima wa Singida au Makambako anayetaka kujenga kitalu nyumba huuliza kwanza habari za nailoni: ina maikroni ngapi, imetoka wapi, itadumu misimu mingapi. Maswali hayo yana maana, ila yamewahi mno. Kwenye nyanda zenye upepo, kitalu huharibika zaidi kwa kung'olewa kuliko kwa kuchanika, na nailoni nzito haiwezi kushikilia nguzo ardhini.

Tuchukue kitalu cha kawaida cha mita 8 kwa 15. Eneo lake ni mita za mraba 120, na nailoni ya maikroni 200 ya kutandaza eneo hilo ina uzito wa kilo 22 hivi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa una nguvu inayokaribia kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Upepo huo ukipanda juu ya paa, sehemu kubwa ya nguvu yake hugeuka kuwa mvuto wa kwenda juu, na mvuto huwa mkali zaidi pembeni na karibu na kipaa. Kwa makadirio ya haraka, paa lote linavutwa juu kwa tani 3. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo maana upepo huezua bati za madarasa na kuziacha kuta zimesimama.

Mfano mzuri wa waliolikabili tatizo hili mpaka wakalimaliza uko mbali na kwetu. Shetland ni visiwa vya Uskoti vilivyo latitudo ya 60 kaskazini, karibu havina miti, na dhoruba zake za majira ya baridi miaka mingine hupita kilomita 150 kwa saa. Vitalu vya kawaida vya nailoni havikudumu huko. Kampuni ya maendeleo ya wanajamii wa Northmavine, kaskazini mwa kisiwa kikuu, ikabuni kitalu chake na kukiita Polycrub. Matao yake ni mabomba mazito ya plastiki yaliyokwisha kutumika kwenye mabwawa ya kufugia samaki aina ya salmoni, shughuli kubwa ya visiwa hivyo. Badala ya nailoni, matao yamefunikwa kwa vioo vya plastiki ngumu, yaani polikaboneti, vilivyofungwa kwa skrubu.

Ubora wa kazi ile uko katika mambo mawili. Bomba nene la plastiki hupinda kidogo upepo unapopiga, kisha hurudi mahali pake, ilhali bomba jembamba la chuma likishapinda halinyooki tena. La pili ni kwamba ganda na mifupa vimefungwa pamoja kila baada ya hatua fupi, kwa hiyo hakuna sehemu inayopata nafasi ya kupigapiga. Kupigapiga ndiko kunakoimaliza nailoni. Husuguana na nguzo hapo hapo kila siku, huchoka, hutoboka, kisha upepo huingiza kidole chake katika tundu hilo na kuipasua yote. Kioo kimoja cha polikaboneti kikitoka, vingine hubaki.

Sisi hatuhitaji kununua polikaboneti. Bei yake ni kubwa, na joto letu linadai hewa nyingi zaidi. Kinachofaa kuchukuliwa ni mpangilio wa fikra zao: kwanza miguu, pili maungio, kisha ganda.

Turudi kwenye zile tani 3. Kitalu chetu kikiwa na safu tatu za nguzo saba saba, jumla 21, kila mguu unadaiwa kuzuia kilo 140 hivi, na za pembeni zaidi ya hapo. Shimo la mviringo la upana wa sentimita 40 na kina cha 60 likijazwa zege linabeba takriban kilo 180. Mguu huo unatosha kwa upepo huo. Lakini mirunda ya mikaratusi hunywea inapokauka, na nguzo inaweza kuchomoka laini kutoka ndani ya zege iliyobaki imara ardhini. Kabla ya kumimina, toboa nguzo karibu na kitako chake, pitisha kipande cha nondo kitokeze pande zote mbili, ndipo umwage zege. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila nguzo, nami naithamini kuliko maikroni 50 za ziada kwenye nailoni.

Juu ya nguzo, msumari peke yake hautoshi, kwa kuwa mvuto wa juu unauchomoa kwa mwelekeo uleule ulioingilia. Funga kila kiungo kwa bolti au kwa mkanda wa bati unaozunguka mbao zote mbili. Pembe nne zipewe mihimili ya mshazari. Nailoni ibanwe kwa papi kwa urefu wote, na kingo zake zifukiwe kwenye mtaro pale ambapo hakuna wavu.

Saa ya kutandaza nayo ina uzito wake. Nailoni iliyovutwa alfajiri kwenye baridi hulegea jua linapowaka, na mara nyingi mchana ndio wakati upepo unapokuwa mkali. Subiri jua liipashe, lakini uwe umemaliza kabla upepo haujaamka.

Kuhusu mkao, kichwa chembamba cha kitalu ndicho kitazame upepo. Singida kwa sehemu kubwa ya mwaka hupokea upepo wa mashariki. Uwazi wa kutolea joto kipaani ugeuziwe upande wa pili, ili upepo uvute hewa ya moto itoke badala ya kujaza ndani. Mlango ulioachwa wazi upande wa upepo huongeza msukumo kutoka ndani juu ya ule mvuto wa nje, na hapo hesabu ya tani 3 haitoshi tena. Nyavu za upande huo wa upepo ziwekewe pazia la kushushwa.

Kizuia upepo kizuri hupitisha karibu nusu ya upepo. Ukuta mzima huurusha juu kisha huuangusha ukiwa umechafuka zaidi. Safu ya migrevilea au wavu hutuliza upepo kwa umbali wa hadi mara kumi ya kimo chake. Majani ya tembo yanaweza kushika nafasi hadi miti ikue.

Siku dhoruba ikizidi mahesabu yote na fremu ikaanza kunyanyuka, chana nailoni kwa kisu ukiwa upande salama. Inauma, lakini nailoni hununuliwa tena kwa bei ndogo kuliko fremu nzima. Na kwa mwenye kitalu kilichokwisha kusimama: kabla pepo za katikati ya mwaka hazijaanza, shika spana, pita nguzo hadi nguzo, na kaza kila bolti iliyolegea.